Saa 72 za Kwanza: Manusura wa Ubakaji kati ya Hospitali, Polisi na Mahakama

Mtu aliyebakwa huhitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: tiba na haki. Bado wapo wengi nchini Tanzania wanaoamini kwamba ni lazima kwanza kwenda polisi kuchukua fomu ya PF3, ndipo daktari amhudumie mgonjwa. Imani hiyo huwapotezea manusura saa zisizorudi.

Tiba haisubiri fomu

Manusura anaweza kwenda moja kwa moja katika kituo cha afya. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzishwa mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, na hutumiwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. PF3 inaweza kuletwa baadaye, ikajazwa kutokana na kumbukumbu za uchunguzi. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo tiba, ushauri nasaha, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Inapowezekana, manusura asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya uchunguzi. Nguo hizo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu vielelezo. Hata hivyo, aliyekwisha kuoga bado anastahili kuchunguzwa na kutibiwa.

Daktari si hakimu

Ubakaji ni kosa la kisheria, si jina la ugonjwa. Kazi ya mtoa huduma ni kuandika alichoelezwa, alichokiona na sampuli alizochukua, pamoja na tarehe na saa. Kuandika kwamba mgonjwa "hakubakwa" kwa sababu tu hana jeraha ni kuvuka mipaka ya taaluma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayotumika Tanzania Bara, inaeleza kwamba kupenya hata kidogo kunatosha, na kwamba alama za kupambana si sharti la kuthibitisha kutokuwepo kwa ridhaa. Aidha, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, iwapo itaridhika kwamba anasema kweli.

Kuripoti na msaada wa kisheria

Taarifa hutolewa katika kituo cha polisi, hasa penye Dawati la Jinsia na Watoto. Kuchelewa hudhoofisha vielelezo, lakini hakumwondolei manusura haki ya kuripoti. Kwa mtoto, ipo pia simu ya bure namba 116. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Kesi huendeshwa na Jamhuri. Manusura ni shahidi, hivyo hahitaji kulipia wakili wa mashtaka. Akihitaji ushauri, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wasiotoza malipo kwa wasio na uwezo. Kikao cha familia au fidia ya mifugo haifuti kosa hili. Mtu mzima anayetiwa hatiani hufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 30, na mahakama humwamuru kumlipa manusura fidia.

Maneno machache yaliyoandikwa kwa uaminifu katika faili la mgonjwa usiku wa kwanza huweza kusomwa mahakamani miezi mingi baadaye. Yaandikwe kwa kuzingatia hilo.