Asili ya Majina ya Wanyama: Kutoka Zizini hadi Mezani

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa isimu huhukumu asili ya neno kwa kulisikiliza tu. Wakisikia simba, hukumbuka simha ya Kisanskriti, kisha hudai kwamba jina hilo lilikopwa Uhindini. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mfanano wa sauti pekee si hoja, na kwamba majina ya wanyama, yakichunguzwa vyema, huhifadhi historia ya wasemaji.

Mfano wa Kiingereza

Ng'ombe aliye zizini huitwa cow, neno la kurithiwa la jamii ya Kijerumani. Nyama yake ikifika mezani huitwa beef, neno lililotokana na Kilatini bovem kupitia Kifaransa. Vivyo hivyo, nguruwe ni swine, na nyama yake ni pork, kutoka porcus. Chanzo ni cha kihistoria: baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, mchungaji alisema Kiingereza, naye bwana aliyekula alisema Kifaransa.

Hali ya Kiswahili

Tuingie sasa katika mabanda ya mifugo ya uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, jijini Nairobi. Ng'ombe, mbuzi na kuku wana majina ya Kibantu. Ushahidi umo katika lugha ndugu: Wakikuyu husema ng'ombe, mbũri na ngũkũ, Wabukusu husema embusi na engokho.

Hata hivyo, tujihadhari. Wakikuyu husema pia mbarathi na mbata, ilhali farasi na bata ni faras na batt za Kiarabu. Maneno haya yalifika bara kupitia Kiswahili. Kwa hivyo, neno kupatikana katika lugha kadhaa za Kibantu hakutoshi. Sharti tuulize pia mnyama mwenyewe alifikaje.

Kilatini nacho je? Hakikuingia zizini mwetu, kiliingia mezani. Wareno, waliofika Mombasa mwaka wa 1498, walituachia meza, kutoka mesa yao iliyotokana na mensa, na mvinyo, kutoka vinho iliyotokana na vinum. Kilichoandaliwa juu ya meza hiyo kilibaki nyama ya ng'ombe.

Turejee kwa simba. Kwa Washona, shumba ni simba. Kwa Wazulu, insimba ni mnyama mdogo mwindaji wa jamii ya fungo. Mzizi uliosambaa hivyo, tena ukazaa maana mbalimbali, si mgeni aliyeshuka jahazini jana.

Hitimisho

Mtafiti wa asili ya neno na ajiulize maswali matatu: Je, lugha ndugu zina neno hilo? Je, sauti zake zinalingana kwa utaratibu? Je, historia ya kitu chenyewe yasemaje? Msomaji aanze na punda, tausi na ngamia, asikubali jibu lolote kabla ya kuyapitia yote matatu.