Utamaduni wetu na chakula cha msiba

Ukiuliza utamaduni ni nini, wanafunzi wangu wengi hutaja ngoma na mavazi. Mimi huwaambia watazame msibani. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, masufuria yanabandikwa, na wafiwa ndio wanaohangaikia mchele. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Utamaduni ndio huo, jambo tunalolitenda bila kuulizana.

Uislamu haukuja kufuta kila ada. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni isemayo al-'aada muhakkama, yaani ada huzingatiwa katika hukumu, maadamu haipingani na sheria. Kanga za mama zetu, kwa mfano, nani atazipinga?

Lakini chakula cha msiba ni suala jingine. Alipouawa Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria (629), Mtume (s.a.w) aliagiza watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Sisi tumeigeuza, mfiwa ndiye anayetupikia.

Na fedha zinatoka wapi, ndugu msomaji? Mara nyingi ni mali ya marehemu, ambayo sasa ina warithi, na baadhi yao ni mayatima. Suratun-Nisaa aya ya 10 inaonya vikali juu ya kula mali ya yatima kwa dhuluma. Sisemi wageni waliotoka mbali walale njaa. Majirani na wapike kwa zamu, na rambirambi akabidhiwe mjane bila kukatwa gharama ya pilau.