Kusoma Majibu ya Ini kwa Mgonjwa wa Homa ya Dengi

Homa ya dengi, ambayo wengi huijua kwa jina la kidingapopo, si ngeni katika miji ya pwani yetu. Mombasa ilipata mlipuko mwaka 2013. Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Wagonjwa walio wengi hupona. Hata hivyo, kwa baadhi yao ini huumia vibaya, na ndugu hukabidhiwa majibu ya maabara yenye tarakimu za kutisha. Swali lao huwa moja: je, mgonjwa wetu atapona?

Tarakimu zinazoshtua ni za AST na ALT. Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, na seli zikijeruhiwa huvuja na kuingia katika damu. Kwa mtu mwenye afya havizidi 40 hivi, ingawa kila maabara huandika kiwango chake pembeni mwa jibu. Katika dengi, kupanda kwa kiasi ni jambo la kawaida. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: kimojawapo kikifika 1000, ugonjwa huhesabiwa kuwa dengi kali, na mgonjwa huhitaji matibabu ya dharura hospitalini. Msishangae AST ikiizidi ALT, kwani AST hutoka pia katika misuli, nayo misuli huumizwa na dengi.

Lakini namba kubwa peke yake haitabiri kifo. Hueleza ukubwa wa jeraha. Haielezi kama sehemu ya ini iliyosalia ingali inafanya kazi. Wapo wanaovuka 1000 na baada ya wiki chache vipimo vyao vikarudi kawaida. Kazi ya ini hupimwa kwa njia nyingine: INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, bilirubini, ambayo ndiyo hugeuza macho kuwa ya njano, sukari ya damu, ambayo hushuka ini likishindwa, na lakteti, asidi inayolundikana viungo vinapokosa damu ya kutosha. Juu ya yote hayo iko hali ya fahamu. Mgonjwa anayechanganyikiwa, au asiyeamka vizuri anapoitwa, yumo hatarini kuliko mwenye AST kubwa anayezungumza na kunywa uji.

Upo mtego unaowapata wengi. AST na ALT zikishuka, jamaa hufurahi. Zikishuka huku INR na bilirubini zikipanda, furaha hiyo haina msingi: huenda ini limebakiwa na seli chache za kuvuja. Kwa hiyo tunashauri muombe nakala ya kila jibu likiwa na tarehe, mziweke kwa mfuatano, na mumuulize daktari: «INR ya leo ni ngapi, na ya jana ilikuwa ngapi?» Kupewa maelezo hayo ni haki yenu, wala si usumbufu.

Muda nao una maana. Hatari huja mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, wakati ambapo nyumbani hudhaniwa kuwa mambo yamekwisha. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kutoka puani au kwenye fizi, kulegea au kutotulia: lolote kati ya haya litoshe kumrudisha mgonjwa hospitalini, hata usiku.

Yaliyosalia yanahusu duka la dawa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumike kabisa, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa na damu. Parasetamoli inafaa, ila kwa mtu mzima isizidi gramu 3 kwa siku, yaani vidonge 6 vya miligramu 500. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Ini likiwa limekwisha kuumia, daktari anaweza kupunguza kiasi hicho au kuizuia. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mafua na maumivu zimechanganywa na parasetamoli chini ya majina ya biashara tofauti, na mtu humeza maradufu bila kujua. Someni viambato kwenye pakiti kabla ya kulipa. Dawa zote alizokwisha kumeza mgonjwa, za miti shamba zikiwemo, zitajwe kwa daktari bila kufichwa. Ikiwezekana, nendeni na pakiti zenyewe.