Mchango wa Mgonjwa wa Utumbo Usiishe kwa Siku Moja

Mtu akiendesha siku mbili tatu hapa Sondu, tunasema ni amiba au taifodi. Zikipita wiki nne, choo kina damu na nguo zinampwaya, minong'ono ya chira, laana ya kuvunja mwiko, huanza. Si chira. Huenda ni kolaitisi au ugonjwa wa Crohn, magonjwa yasiyoambukiza: kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe, unavimba na kutoka vidonda. Dawa huutuliza, lakini ugonjwa hukaa na mtu maisha yote. Ndiyo maana harambee ya Jumapili moja haitoshi.

Anzeni na bima ya afya. Mgonjwa asajiliwe SHA kwa *147#. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Wanachama kumi na wawili wa chama wakitoa 300 kila mmoja, mwaka umelipwa.

Kisha safari. Achukue barua ya rufaa kwa daktari wa hapa, apande matatu kupitia Katito na Ahero hadi hospitali ya Jaramogi mjini Kisumu, ile tunayoiita Russia, aulizie kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, kwa hiyo aombe apimwe TB kabla ya kuanzishiwa prednisolone, dawa inayopunguza nguvu ya kinga. Na hapa kuna msaada ambao watu husahau: kabla ya kamera mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, na akishainywa hawezi kukaa kwenye matatu. Mlipieni chumba Kisumu usiku huo, chenye choo karibu, na mtu wa kumsindikiza.

Dawa nazo ni za kila siku. Mojawapo, sulfasalazine, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mchango wa kila mwezi wa kuinunua humfaa kuliko bahasha nene ya mara moja. Asiache prednisolone ghafla akijisikia nafuu, wala asinunue diclofenac au ibuprofen kwa maumivu bila kumuuliza daktari, maana huweza kuuchokoza utumbo.

Uingereza, shirika la Crohn's & Colitis UK, lililoanzishwa 1979, huwapa wanachama kadi ya kuonyesha dukani waruhusiwe choo upesi. Sisi tuna soko. Mama muuza mananasi akienda choo cha kulipia mara nane siku ya soko, shilingi kumi kila mara, ni 80, na kila mara meza inabaki bila mtu. Chama kizungumze na mwenye choo, kimlipe kwa wiki, mama apite bila kupanga foleni. Jirani wa meza naye amwangalizie mananasi.