Shindano la Mwaka: Hata wa Baiskeli Ashinde

Shindano la kuhesabu ndege huanza Januari kwa vishindo, na masika yakifika limekwisha zima. Mwenye gari amezunguka Tsavo na Baringo, daftari lake lina ndege mia tatu. Wenzake wa baiskeli wameona hawamfikii, wamekaa. Klabu, tuseme ya Watamu au Malindi, inaweza kuliepuka hilo kwa kubadili kinachopewa alama.

1. Wekeni mpaka. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Kila mwanachama ashike mraba anaoishi. Ndege wa safarini waandikwe, lakini wasiwe na alama.

2. Lipeni miguu kwanza. Orodha kamili ya saa mbili, ndege wakiandikwa kwa mfuatano walivyoonekana, ipewe alama 5. Zihesabiwe orodha mbili tu kwa mwezi, ili anayekurupuka Desemba asimpite aliyetembea mwaka mzima. Ndege mpya mrabani apewe alama 1, awe kunguru au bundi wa Sokoke.

3. Kila mwezi uwe na kazi yake. Januari, hesabuni vitwitwi na ndege wala kaa katika hori la Mida maji yakiwa yanajaa, maana hapo husogezwa karibu na ufuo. Aprili, angalieni nani wamevaa manyoya ya kuzalia kabla ya kurudi kaskazini. Mei, mvua zikiendelea, ketini chini ya mti wenye viota vya mnana mwone dume akisuka. Juni na Julai msilale: tafuteni vitwitwi wachanga waliobaki huku wakubwa wao wako mbali wakizaa. Agosti na Septemba, andikeni tarehe ya kila mgeni anayerejea. Kuanzia Oktoba, subirini jioni keremkerem wekundu wanaokuja kulala mikokoni.

4. Tafuteni majina. Alama 3 kwa jina la ndege la Kigiriama, Kipokomo au Kibajuni lililopatikana kwa mzee, pamoja na sababu ya kuitwa hivyo. Hapa ndipo asiye na darubini huwapita wenye nazo.

5. Aminianeni, lakini kwa masharti. Picha isiwe lazima. Ndege wa shaka aelezwe: ukubwa, mdomo, miguu, sauti, alichokuwa akifanya. Mwanachama afutiwe alama iwapo amekaribia kiota mpaka mama akaruka, au amecheza sauti ya simu kumwita ndege kutoka kichakani.

6. Kutaneni kila mwezi. Nusu saa inatosha, chini ya mwembe, na chai. Someni alama, kisha aliye nyuma apangiwe matembezi na aliye mbele. Darubini chache za klabu ziende kwa zamu.

Desemba msisome majina ya washindi kwanza. Kila mmoja afungue daftari aseme ni ndege gani aliyetarajia kumwona mrabani mwake, akamtafuta miezi yote, asimpate. Andikeni orodha hiyo kwenye karatasi moja. Ndiyo ratiba yenu ya Januari.