Mabwawa Makuukuu Karibu na Nyumba Zetu: Kufukia, Kufufua au Kuacha?

Katika vijiji na miji midogo mingi ya Afrika Mashariki yapo mabwawa yaliyochimbwa kwa nia njema na ambayo sasa yamechakaa. Baadhi yalikuwa ya samaki, baadhi malambo ya kunyweshea mifugo, na mengine ni mashimo ya udongo wa matofali yaliyojazwa na mvua. Tope limepanda, kingo zimebomoka, matete yamefunika nusu ya maji. Wenye nyumba wanaolizunguka bwawa la namna hiyo wakikutana, mjadala huwa uleule. Mmoja anataka lifukiwe kwa sababu watoto wake hawaishi kuugua malaria. Mwingine anakumbusha kwamba ndilo linalomwagilia mchicha wake wakati wa kiangazi. Wa tatu anasema lilikuwapo tangu enzi za wazee na halijamla mtu. Aghalabu kikao huvunjika bila uamuzi na bwawa hubaki lilivyo. Makala haya yanakusudia kumpa mhudumu wa afya, pamoja na mgonjwa anayeishi karibu na maji hayo, hoja za kupeleka kikaoni.

Tuanze na Kisii, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Huko familia nyingi zilichimba mabwawa ya samaki ndani ya mashamba yao, na baadhi zikayaacha. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: vifaranga vya samaki havikupatikana, mtaalamu wa kuelekeza hakuwapo, na shughuli nyingine zililipa haraka zaidi. Watafiti walipolinganisha mabwawa yanayotunzwa na yaliyotelekezwa, walikuta viluwiluwi wa mbu wa malaria wengi zaidi katika yale yaliyotelekezwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, sato (ngege, kwa wenzetu wa Kisumu) walirudishwa katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa. Baada ya majuma 15, viluwiluwi wa Anopheles gambiae na Anopheles funestus walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Lilikuwa jaribio dogo, la mabwawa machache, na lilihesabu viluwiluwi, si wagonjwa; tusilibebeshe mzigo usiouweza. Hata hivyo linatuonyesha kwamba maji yaleyale, katika shimo lilelile, yanaweza kuwa kitalu cha mbu au chakula cha jioni, kutegemea kama yana mtunzaji.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya idadi. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi uliokusudia kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140. Hayo ni mabwawa 28,000, kila moja la ukubwa wa mita za mraba 300. Bwawa lililochimbwa wakati ule sasa lina umri wa kutosha kuwa limejaa tope, na mwenye shamba hulazimika kujiuliza kama ataingia gharama ya kulizoa.

Kwa nini uzee wa bwawa uwapendeze mbu? Anopheles funestus hutaga mayai katika maji ya kudumu yenye mimea iliyosimama. Anopheles gambiae hupendelea vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata alama ya kwato za ng'ombe humtosha. Bwawa kuukuu humpa kila mmoja chumba chake: katikati ya matete anakaa wa kwanza, na penye ukingo uliokanyagwa na mifugo anakaa wa pili. Ndiyo maana kutia samaki peke yake hakutoshi. Samaki hawafiki ndani ya majani yaliyosongamana, wala hawafiki kwenye kwato. Magugu yafyekwe, kingo zichongwe ziwe na mteremko mkali, na mifugo itengewe mahali pamoja pa kunywea. Katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Usafi wa mara moja kwa mwaka, siku ya kumpokea mgeni rasmi, hausaidii kitu.

Wanaotaka kufukia wana haki yao, na mara nyingine wako sahihi. Tatizo ni namna tunavyofukia. Nimeona, na bila shaka msomaji ameona, bwawa likigeuzwa jalala kwa matumaini kwamba taka zitalimaliza. Taka huyafanya maji kuwa machafu, na maji machafu ndiyo anayoyapenda mbu aina ya Culex, ambaye katika pwani yetu hueneza matende na mabusha. Matairi, makopo na vifuu vya nazi vinavyobaki juu hukusanya mvua na kumlea Aedes, mbu wa homa ya dengue, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Bwawa moja lililofukiwa nusunusu hivyo huweza kulea aina tatu za mbu mahali palipokuwa na moja. Katika njia zote zinazojadiliwa vikaoni, hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa haihitaji mchango wa fedha.

Kufukia kwa haki huanza kwa kuziba mahali maji yanapoingilia na kuyatoa yaliyomo. Tope laini na taka huondolewa, kisha udongo hutiwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa, hadi upite kidogo usawa wa ardhi, kwa maana utashuka. Na kabla ya toroli la kwanza, waulizane: maji ya masika yaliyokuwa yakiishia hapa yataelekea wapi? Kama jibu ni sebuleni kwa jirani wa bondeni, mfereji uchimbwe kwanza.

Hadi hapa nimezungumzia mbu. Usukumani, katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza, swali hubadilika, kwa kuwa malambo na madimbwi ya huko ni makazi ya konokono wa jamii ya Bulinus wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo. Wengi hudhani lambo likikauka kiangazi, ugonjwa umekwisha. Konokono hawa hujificha katika tope lililokauka, hukaa humo kwa miezi, na mvua ikirudi nao hurudi. Kwa hiyo kukausha kwa msimu mmoja si tiba. Njia ya kukata mzunguko ni mbili: mkojo usifike majini, na ngozi isifike majini. Choo kinachotumika karibu na lambo, na mahali pa kuchotea maji pasipomlazimu mtu kukanyaga ndani, vina thamani kuliko hotuba nyingi. Maji ya kuoga yaliyochotwa bila konokono na kuachwa yatulie katika chombo kwa siku mbili huwa salama kwa upande wa kichocho, kwa sababu vimelea hufa. Ya kunywa bado yachemshwe.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe upya. Mtoto anayerudi kliniki kila mwaka akikojoa damu aulizwe anaogelea wapi kabla ya kulaumiwa kwamba hakumeza dawa. Na mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini, uchafu au damu ukeni, ambaye ametibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili tatu bila nafuu, aulizwe vivyo hivyo. Kichocho hushambulia pia sehemu za uzazi, na wanawake wengi wamebeba aibu isiyo yao kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Kikiachwa miaka mingi, kichocho cha mkojo huweza kuleta saratani ya kibofu.

Kuzama ni suala fupi lakini si dogo. Mtoto mdogo huzama kimya, hata katika maji yasiyofika kiunoni kwa mtu mzima. Bwawa likibaki, uzio wa miti wenye lango linalofungika ni sehemu ya gharama zake tangu mwanzo.

Tukirudi kikaoni, ningeshauri wajumbe wasianze na swali la kufukia au kutofukia. Waanze kwa kuandika majina: nani atafyeka magugu mwezi huu, nani mwezi ujao, nani atanunua vifaranga, nani anashika ufunguo wa lango. Afisa afya na afisa uvuvi waalikwe wakati orodha hiyo inaandikwa, si baada ya ugomvi. Ikiwa majina ya miezi 12 yanapatikana, bwawa lifufuliwe. Yasipopatikana, lifukiwe lote wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, na kazi ianzie pale maji yanapoingilia.