Nani Atamfungua Sanda?

Somo la wiki. Soma nyumbani: Yohana 11:38–44, Yakobo 5:16

Katika habari ya Lazaro kuna jambo tunaloliruka kwa sababu tunakimbilia muujiza. Yesu anamwita mtu aliyekaa kaburini siku nne, naye anatoka. Lakini anatoka akiwa amefungwa mikono na miguu, uso umefunikwa. Bwana aliyempa uhai kwa neno angeweza kuifungua sanda kwa neno vilevile. Kazi hiyo aliwapa waliosimama pale.

Nawaza juu ya ndugu na dada wanaookoka wakiwa watumwa wa pombe. Hapa Kitengela tunawajua. Mtu anakuja mbele Jumapili, tunamwombea, analia, na kweli Mungu anamgusa. Jumatatu jioni anashuka kwa matatu akitoka kazini Athi River, na kutoka stejini mpaka kwake anapita baa ngapi? Sisi saa hiyo tuko nyumbani tunakunywa chai. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia, simu za marafiki zinaanza. Akianguka tunasema hakuokoka sawasawa. Ni rahisi kusema hivyo.

Kabla sijaendelea, wazee wa maombi mnisikie. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata kifafa na kufa. Msimfungie chumbani mkikemea, wala msimwambie afunge siku tatu. Mpelekeni hospitali ya Kitengela, au ile ya rufaa ya Kajiado kama mko upande huo. Maombi yataendelea hata akiwa kitandani.

Sasa, kuna mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, inaitwa Alcoholics Anonymous, au AA. Wengine huuliza, si ni kukosa imani kumpeleka muumini huko? Hebu tuangalie vile ilianza. Mwaka 1935 mfanyabiashara Mmarekani, Bill Wilson, alikuwa hotelini mjini Akron, Ohio. Dili iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe, na baa ya hoteli ilikuwa hapo karibu. Akaenda kwenye simu, akachagua jina katika orodha ya makanisa, akampigia mchungaji mmoja, Walter Tunks. Alikuwa anatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Mchungaji akampa majina ya watu wa kupigia. Simu moja ikaleta nyingine, mpaka akakutana na daktari Bob Smith, mlevi pia. Daktari alikuja akisema atakaa dakika 15. Waliongea zaidi ya masaa sita. Kwa hiyo mkutano wa kwanza kabisa ulipatikana kupitia simu ya mchungaji, na mimi ningependa simu yangu iwe na kazi kama hiyo.

Nilisoma biashara chuoni, na kilichonishangaza zaidi ni upande wa pesa. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa wanachama wenyewe, anayeweza anatoa, na michango ya watu wa nje hawapokei, hata ikiwa ya kanisa. (Jaribu kuwaambia hivyo kamati yetu ya ujenzi!) Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha kunywa. Unataja jina lako la kwanza, na ukitaka kunyamaza, unanyamaza. Wanamtaja Mungu kwa vile kila mtu anavyomwelewa, na hapo waumini wengine husita. Wewe nenda na Yesu wako, hakuna atakayekunyang'anya. Hatua yao ya tano ni kukiri makosa kwa Mungu, kwa nafsi yako na kwa mtu mwingine. Soma Yakobo 5:16 uniambie kama hilo ni geni.

Kupata mkutano, anza na 1192, simu ya bure ya NACADA. Waeleze uko wapi, uliza huduma zilizo karibu. Ukipata kundi, uliza wanakutana siku gani, kwa lugha gani, na kama ni mkutano wa wazi au wa walevi peke yao. Ule wa wazi hata mke au mchungaji anaweza kukaa. Nairobi kuna makundi, na nauli ya kwenda huko bado ni ndogo kuliko ya chupa. Aliye mbali, Namanga au Magadi, anaweza kuhudhuria kwa simu kupitia intaneti. Mkutano wa kwanza usipokukalia vizuri, jaribu mwingine. Na kwa utaratibu wao, watu wawili wanaotaka kuacha pombe wanatosha kuanzisha kundi.

Kitu kimoja tuige kwao mara moja: yanayosemwa pale hubaki pale. Tuache kumsukuma mtu kwenye maikrofoni atoe ushuhuda wiki yake ya kwanza. Mtaa wote unasikia, na mwajiri wake pia.

Wake, waume na wazazi wa walevi nao wana mikutano yao, Al-Anon. Dada, usingoje mpaka mzee akubali kwenda ndipo na wewe uende.